Chumvi Juu ya Jiwe

Alhamisi, 5 Oktoba 1995

Mvua tangu asubuhi. Nimerudi kutoka kazini Laeken viatu vimelowa, mgongo unaniuma. Leo kule nyumba ya wazee tulikuwa wawili tu, mimi na Rolande, kuinua na kuogesha korido nzima. Kuna babu mmoja ni mzito kama kabati na hasaidii hata kwa kidole.

Nyumbani, joto la tanuri. Radiator zote zimefunguliwa mpaka mwisho. Ni Maman Hawa – mzazi asiguswe na baridi, ndiyo sheria yake ya kwanza. Amekuja kutoka Muar, huko Malaysia, wiki mbili sasa, kumtunza binti yake Hidaya, mke wa mwanangu, aliyejifungua. Nimempa chumba changu. Mimi nalala sebuleni kwenye kochi. Bienfait alilalamika kwamba mama yake hawezi kulala kama abiria. Nikamwambia mkwe halali kwenye kochi, hasa mkwe aliyemzaa mke wako.

Ana desturi zake. Siku arubaini na nne mzazi hanywi baridi, haogi baridi, hali hiki wala kile. Na kila asubuhi – jiwe! Jiwe la mtoni, jeusi, laini. Analipasha moto jikoni kwenye kikaango cha chuma, analifunga kwa majani na kitambaa, kisha anamkanda nalo Hidaya tumboni. Sisi Bukavu tunakanda kwa maji ya moto na kufunga tumbo kwa kitenge, kazi ni ile ile. Lakini kulisafirisha jiwe kwa ndege kutoka Muar, kana kwamba Ubelgiji haina mawe!

Lugha hatuna. Yeye Kimalei, mimi Kiswahili na Kifaransa. Siku ya kwanza alionyesha sabuni akasema sabun. Nikaonyesha meza, akasema meja. Nanasi, nanas. Tulicheka kama watoto wa shule, tukazunguka jikoni kote tukitafuta maneno ya pamoja. Ya vyombo na vyakula tunayapata. Ya moyoni inabidi niyasome usoni mwake. Maziwa yakifurika: alamak. Magoti yakimuuma: aduh. Mtu akilia kwenye televisheni: kesian, hata kama ni mwizi anayelilia hukumu yake.

Jana alinitisha. Alimpakata Mauwa, mjukuu wetu, akakaza meno, macho yakawa membamba, mikono ikatetemeka. Akasema geram, geram! Niliruka kutoka kwenye kiti. Hidaya akacheka mpaka akashika tumbo. Geram, kwao, ni pale mashavu ya mtoto yanapokuwa matamu hata unataka kuyauma. Na pia ni hasira, ile ya mtu asiye na la kufanya. Neno ni hilo hilo. Nikamwuliza kama nitulie. Akasema nitulie.

Nimetulia. Kidogo.

Jumapili, 8 Oktoba

Siku njema. Akina mama wa kwaya wamekuja baada ya misa kumwona mtoto. Sita pamoja na Rolande, na nyumba yetu ya Schaerbeek ni ndogo, kwa hiyo nusu wamekaa jikoni. Nimepika sombe, majani ya muhogo, na kuku. Kuku wa mchinjaji Mturuki, ili wote wale. Bienfait aliposilimu kumwoa Hidaya nililia wiki nzima, kisha nikachoka kulia. Sasa yule Mturuki ananijua kwa jina.

Jiwe lilikuwa jikoni likipashwa moto. Rolande, ambaye Mungu alimuumba bila breki, akauliza:

– Maman Bienfait, na hii? Njo nyama ya leo?

Nikasema, njo, ndiyo hiyo. Bado tu chumvi. Nikachota chumvi kidogo, nikainyunyiza juu ya jiwe. Jikoni watu wakavunjika mbavu. Rolande akataka nimwachie paja.

Maman Hawa alikuwa mlangoni. Amecheka pia, tabasamu mpaka kwenye masikio. Kisha akachukua jiwe kwa kitambaa, akaliosha kwenye bomba, akaenda zake chumbani. Mwanamke mwenye roho nzuri.

Jumatatu, 9 Oktoba

Maman Hawa hakuja mezani. Si asubuhi, si jioni. Hidaya anasema mama amechoka. Anampikia Hidaya kama kawaida, anamwogesha mtoto, lakini mimi nikiingia jikoni yeye anatoka. Ananipisha kwa adabu, ameinamisha kichwa. Jiwe halipo kwenye jiko.

Kuna kitu kimemuudhi. Mama yangu alinifundisha: mkubwa akikasirika usimsogelee. Mwachie nafasi, inamisha macho, subiri akuite mwenyewe. Na kwa mkwe, mara mbili. Nimefunika sahani yake, nikaiacha jikoni. Kwenye korido nimempisha na mimi. Tulipishana mpaka kila mtu akawa amegusa ukuta wake.

Jumatano, 11 Oktoba

Haniiti. Nasubiri, yeye haniiti.

Mchana nimerudi mapema. Alikuwa kwenye simu na watu wa Muar, mgongo kwangu. Sauti ndogo, ndefu. Neno moja alilirudia: balik, balik. Hilo nalijua. Hidaya humwambia Bienfait kila asubuhi akitoka: balik saa ngapi. Kurudi. Kurudi nyumbani.

Na mlango wa chumba ulikuwa wazi. Sanduku lake, lile la kijani, lililokuwa juu ya kabati, sasa liko chini. Wazi.

Nimekaa hapa kwenye kochi na koti sijavua. Nilifundisha watoto miaka mingi Bukavu, kujumlisha mbili na mbili najua. Kazi ya Bienfait ilikwisha mwezi wa nane na nyingine hajapata. Kaka yake Hidaya ana duka la matairi huko Muar. Mwezi wa tano alisema kwa simu kwamba Bienfait akitaka, kazi ipo. Tulicheka wakati ule. Sasa mama amekasirika na sanduku limeshuka.

Wataondoka naye Mauwa. Ndiyo hiyo, niiandike niione. Nina mwana mmoja na mjukuu mmoja, ana wiki tatu, ana nywele kama za marehemu mume wangu, na watampeleka mahali ambapo nitamwona kwa picha.

Ijumaa, 13 Oktoba

Bienfait nimemwuliza jikoni, kwa sauti ya chini.

– Maman, uko naogopa nini? Hakuna kitu. Maman Hawa iko tu vile.

Yuko tu vile! Wanaume wangekuwa walinzi wa nyumba, nyumba zote zingeungua wao wakisema ni moshi tu.

Hidaya simwulizi. Ni mzazi, maziwa yake yatakauka nikimtia mawazo. Na nitamwulizaje? Kama jibu ni ndiyo, basi nimelitoa kwa mikono yangu mwenyewe.

Kimya kingi kina mshindo mkuu. Sisi kwetu tatizo hatuliachi liote usaha. Tunaliweka katikati, mtu mzima anasikiliza pande mbili, anayekosa anaomba msamaha, watu wanakunywa. Nimempigia simu Papa Hilaire, mzee wetu wa kanisa. Amepatanisha nusu ya ndoa za Wazaire wa mji huu. Atakuja kesho.

Jumamosi, 14 Oktoba

Ah. Ah, mimi Émérance.

Papa Hilaire amefika na suti, na Rolande kama shahidi. Nilipanga viti sebuleni, nikamtoa Maman Hawa chumbani, nikamketisha mahali pa heshima. Hidaya katikati, atafsiri. Papa Hilaire akasafisha koo:

– Bon. Maman Hawa, shiye bantu ya Kivu, kama shida iko, hatuifiche. Tunaiweka hapa mu kati. Hapa hakuna adui. Donc, sema tu. Huyu mama amekukosea nini?

Hidaya akainama. Akatafsiri kwa sauti ambayo hata mimi karibu naye sikuisikia vizuri. Niliona masikio ya Maman Hawa yakibadilika rangi. Lakini uso ulitabasamu! Alitutabasamia sote, mmoja mmoja. Akasema tak apa. Hidaya akasema: anasema si kitu.

Papa Hilaire si mtu wa kukubali si kitu. Akauliza mara ya pili, akauliza mara ya tatu, kwa upole, kama daktari anayebonyeza tumbo kutafuta panapouma. Tak apa, tak apa. Rolande akaingilia:

– Maman, lia hata! Ukilia, itatoka.

Maman Hawa akasimama, akawamiminia chai wote, mimi pia. Akaomba ruhusa, akaenda chumbani. Mlango aliufunga taratibu sana. Angeubamiza ningelala vizuri zaidi.

Papa Hilaire mlangoni akaniambia, huyu mama hana tatizo lolote, roho yake ni safi. Mtu mwema. Amekula biskuti zote.

Jumapili, 15 Oktoba

Sikwenda misani. Nilisema ni mgongo.

Hajala. Sahani iko kama nilivyoifunika. Hidaya ana macho mekundu na hanitazami. Sanduku sijui kama limejaa. Nimembeba Mauwa asubuhi nzima, sikumweka chini hata alipolala.

Jumanne, 17 Oktoba

Lazima niandike yote, hata kama mkono utachoka. Nina furaha hata sijui nianzie wapi.

Leo nilikuwa nakunja nepi za mtoto. Hidaya akatoka chumbani na soksi zake mbili mbili, tumbo limefungwa, akakaa kando yangu. Akaanza kukunja na yeye. Nami nikashindwa. Machozi yakaanguka kwenye nepi. Nikamwuliza kwa Kifaransa, moja kwa moja: lini mnaondoka na mtoto?

Alinitazama kama nimesema Kigiriki. Tuondoke kwenda wapi?

Nikamwambia yote. Simu, balik, sanduku, matairi. Alisikiliza mdomo wazi. Kisha, huyu binti! Akacheka na kulia kwa pamoja, akanishika mikono miwili. Akasema, maman, mimi niko kwangu hapa. Mauwa yuko kwake. Hakuna anayekwenda popote. Kuhusu simu, dada yake mama alimtaka arudi upesi kama nyumba haina raha, naye akajibu harudi mpaka siku za binti yake zitimie, hata kama moyo unamuuma. Kuhusu sanduku, mama ameficha jiwe.

Jiwe!

Ameliweka chini kabisa, chini ya nguo. Tangu ile Jumapili. Anamkanda Hidaya kwa chupa ya maji ya moto, kwa siri, mlango umefungwa, nisione nikacheka tena. Jiwe lenyewe ni la mama yake. Hidaya alizaliwa, likamkanda Maman Hawa. Maman Hawa alizaliwa, likamkanda bibi. Na mimi nimelitia chumvi kama mguu wa mbuzi, mbele ya kwaya.

Mdomo uliponza kichwa. Nilisikia uso unawaka. Lakini – nakiri hapa, hapana mtu anayesoma – chini ya aibu ile nilikuwa mwepesi kama pamba. Mtoto haendi! Nitakula chumvi yote ya Schaerbeek kwa mikono yangu, almradi mtoto haendi.

Kisha nikamwuliza, sasa kwa nini hakusema? Nilimletea hata mzee wa kanisa. Hidaya akafunika uso. Akasema, maman, hilo ndilo lilikuwa baya kuliko chumvi. Kwao mtu aliyeumia hawekwi katikati ya watu aeleze. Ni kama kumvua nguo. Atatabasamu tu, maana uso hauna kingine cha kuvaa. Na tak apa ni si kitu, kweli, lakini inategemea imesemwa mara ngapi. Mara moja, si kitu. Mara tatu, nyumba inaungua.

Akanieleza hali ya mama yake. Inaitwa merajuk. Mtu wako wa karibu amekuumiza. Humgombezi. Unanyamaza, unakataa chakula, unajitenga. Unangoja aje akubembeleze. Na kubembeleza nako kuna jina lake, pujuk. Asipokuja, unaumia zaidi. Hisia zao wanaziweka kwenye ini, si kwenye moyo. Aliyedharauliwa ini lake limekuwa dogo. Anayeumia kimya kimya anakula ini. Nikasema, na sisi tunasema mtu amekatwa maini. Akasema basi mnajua.

Najua! Hii si merajuk wala nini, hii ni kususa! Bukavu nimeiona maisha yangu yote. Mtoto amenyimwa, anasusa ugali. Mke hakununuliwa kitenge, amesusa. Mimi mwenyewe nilimsusa marehemu siku mbili kwa ajili ya redio. Sikuitambua kwa sababu ilikuja imevaa adabu. Na kwa sababu sikufikiri mtu mzima, mkwe, mgeni, anaweza kunisusa mimi.

Hapo Hidaya akasema jambo ambalo nitalilalia leo. Mtu hamsusi mgeni. Muuza mboga akimkosea mama, mama anaenda duka jingine, basi. Anamsusa yule tu ambaye anajua atakuja kumbembeleza.

Kwa hiyo wiki nzima alikuwa chumbani ananisubiri. Nami niko sebuleni namsubiri yeye. Wazee wazima!

Jumatano, 18 Oktoba

Hidaya alinipa masharti. Nenda, atakataa. Nenda tena. Peleka kitu kidogo. Kosa usilitaje. Na usimwulize kwa nini. Hilo la mwisho lilikuwa gumu, nilikuwa mwalimu.

Nikaenda na chai ya tangawizi. Nikabisha. Maman Hawa, chai. Tak apa. Nikaiacha mlangoni.

Nikaenda na nanasi nimelikata vipande. Nikaweka mdomo kwenye mlango: nanas. Akajibu tak apa, lakini sasa ameiongezea mkia, tak apa lah. Mkia ule ulikuwa laini. Sahani nikaiweka karibu na chai. Chai ilikuwa imenywewa! Sikumsikia kabisa kufungua.

Mara ya tatu sikuwa na kitu mkononi. Nimetoka kazini, nimemwinua yule kabati wa Laeken, mgongo umegoma. Nikasimama mlangoni kwake nimeshika kiuno. Sikujua niseme nini, na lugha sina. Nikasema tu, kutoka ndani kabisa: aduh.

Kitanda kikalia. Zipu ya sanduku – ndefu, polepole. Mlango ukafunguka, na Maman Hawa yuko pale, amelishika jiwe kwa mikono miwili, hanitazami. Ananipita. Anaelekea jikoni. Nikasikia kikaango.

Basi nimelala kifudifudi kwenye zulia la sebuleni, mimi Émérance, bibi mzima, blauzi juu. Akaja na jiwe kwenye kitambaa, likanukia tangawizi na majani nisiyoyajua. Akaliweka kiunoni. Joto liliingia mpaka kwenye mifupa. Nilitaka kusogea, akanipiga kofi la paja nitulie. Alinikanda na kunigombeza muda wote huo, kwa Kimalei, maneno marefu marefu. Sikuelewa hata moja na nilijua yote anayosema. Nililia kidogo kwenye zulia. Nadhani na yeye, kwa sababu alivuta kamasi na hana mafua.

Alipomaliza akanifinya nyama ya kiunoni, akakaza meno, akasema geram. Ile ya mashavu au ile ya hasira, sijui. Sikuuliza kwa nini.

Jioni amekula sahani mbili. Bienfait akasema, munaona? Nilisema hakuna kitu.

Jumapili, 22 Oktoba

Kwaya imekuja tena. Rolande alilazwa kwenye zulia kabla hajavua koti, maana mgongo wake ni sawa na wangu. Alipolikumbuka jiwe alinyamaza, kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Kisha likamgusa.

– Eee, Maman Hawa. Eee. Usitoshe kwanza, acha palepale.

Wengine wamepanga foleni. Maman Hawa amefunga kichwa kwa kitambaa, anaongoza watu kwa kidole kama daktari mkuu. Ananiita Kak, dada mkubwa. Namkabidhi vitambaa.

Ijumaa, 27 Oktoba

Hakuna cha kuandika. Mtoto ameongezeka uzito. Tumepika pamoja, nimemwonyesha sombe, amenionyesha jinsi ya kukaanga dagaa na pilipili mpaka majirani wakohoe. Mchana tunakaa dirishani tukitazama tramu. Akinielezea jambo refu mimi naitikia njo, njo. Nikimwelezea langu anaitikia ya, ya. Sijawahi kuwa na mazungumzo marefu hivi na mtu.

Bienfait amepata kazi ghala moja huko Anderlecht, anaanza mwezi ujao. Nimelala usingizi mzima.

Jumatatu, 6 Novemba

Siku za Hidaya zimetimia jana. Ameoga, amefunguliwa tumbo, ametoka hadi kona na koti langu. Tumeshangilia. Mimi kichwani nilikuwa nimepanga yote: Maman Hawa abaki mpaka mwaka mpya, nimpeleke kwa Papa Hilaire ale biskuti zake na yeye, tununue buti za theluji. Tiketi yake haina tarehe, aliniambia mwenyewe – kwa vidole, lakini aliniambia.

Leo mezani, wote wamekaa, wali umepakuliwa. Bienfait, mdomo umejaa:

– Maman, samedi uko na kazi? Bon, kama hauna, tutasindikiza Maman Hawa ku aéroport.

Jumamosi. Jumamosi hii! Nikamtazama Hidaya, akaitazama sahani. Nikamtazama Maman Hawa, akatabasamu lile tabasamu. Wanajua wote. Tarehe imewekwa wiki iliyopita, kijiko kinajua, mimi sijui. Kumbe dirishani pale alikuwa akinielezea mambo marefu na hili hakulitia.

Hakuna aliyenichukulia mtoto. Mtoto yuko palepale, anapiga mateke kwenye kikapu chake. Nilipaswa kushukuru. Lakini kitu kilinikata hapa, chini ya mbavu za kulia, mahali hasa pa ini. Nikasukuma sahani. Nikasema nimeshiba. Sikuwa nimeonja.

Niko bafuni. Maana nimegundua shida nyingine: nimesusa, lakini sina chumba cha kususia! Changu nimempa yeye. Sebuleni ni mezani. Basi nimekaa kwenye ukingo wa bafu na taulo mgongoni, naandika juu ya goti. Bienfait amebisha, anataka kuoga. Nimemwambia aoge kesho. Nimesikia Hidaya akimnong'oneza, amwache maman.

Vijiko. Hasira yangu ilianza kupoa, nikaogopa wataniacha kweli. Nikafikiri labda hawajui kwamba nangoja kubembelezwa, labda watanipa nafasi kwa heshima, kama nilivyompa yeye, na nitalala humu.

Sasa hivi – kandambili kwenye korido. Zake, nazijua zinavyoburuta. Zimesimama. Habishi. Anaongea, lakini haongei na mimi, anaongea na Mauwa. Sauti ya juu, ili mlango usikie. Nenek merajuk, anamwambia mtoto. Nenek merajuk, ya? Bibi amesusa.

Nimesema sina njaa. Kwa Kiswahili, kwa sauti ambayo hata mtu wa Muar anaielewa.

Hakuondoka. Nimesikia sahani ikiwekwa sakafuni, kisha magoti yake, kisha yeye mzima akikaa chini pale kwenye zulia la korido na mtoto. Anaimba taratibu. Ndege yake ni ya Jumamosi, lakini leo hana haraka yoyote. Mlango sikuufunga kwa ufunguo. Naye anajua, na haugusi.